Taulo la Mama Marinda

Watu wakimsifu mtu kwamba hana kinyongo, mimi hujiuliza kama mtu huyo amewahi kukosewa sawasawa. Mama Marinda alikuwa na kinyongo, na alikitunza kama alivyotunza kazi yake: alikifua, akakinyoosha, akakikunja na kukiweka mahali pakavu mpaka siku yake ilipofika. Miaka kumi na tisa yeye alikuwa meza ya kwanza ya pasi na mimi meza ya pili. Kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyashiriki.

Dobi letu, duka la kufua na kupiga pasi, lilikuwa na vyumba vitatu. Mbele palikuwa na dawati la kupokea wateja. Nyuma kabisa palikuwa na chumba cha kuchambua nguo chafu, hakina dirisha. Katikati ndipo penye pasi: meza sita, madirisha juu karibu na dari, na pembeni bwela, lile pipa la chuma linalochemsha maji na kutupelekea mvuke kwenye pasi zote. Ukiingia pale mchana unapigwa na joto usoni kabla hujasema hodi. Harufu ya wanga wa kukazia nguo ilitufuata mpaka majumbani.

Jina lake lilitokana na marinda. Wengine walihitaji rula na pini. Yeye alilitandika vazi, akalipapasa kwa vidole mara moja, na marinda yakajipanga yenyewe kama watoto waliomwona mwalimu mlangoni. Alifiwa na mume akiwa na watoto watatu, akawasomesha kwa mikono hiyohiyo, na wa kwanza leo ni muuguzi. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: meza yake ya kwanza, ile iliyo chini ya dirisha, mpaka siku ya kustaafu.

Alipofika miaka hamsini na moja, hedhi ikakoma na joto likaanza. Mtu amesimama anapiga pasi, mara shingo inakuwa nyekundu, uso unawaka, jasho linamshuka kama amemwagiwa ndoo. Dakika tano limekwisha, anabaki anatetemeka kwa baridi. Usiku ndiyo usiseme. Binti yake alimpeleka hospitali, wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa, ni umri, atazoea.

"Utazoea," alinirudishia akiigiza sauti ya pua. "Kwani mimi kiatu?"

Tungecheka tu yakaisha, kama asingekuwepo Msimamizi.

Huyu Msimamizi alikuja kwetu akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, hajui hata pasi inashikwa upande gani. Mama Marinda ndiye aliyemfundisha. Alimwita "mwanangu", akamgawia chakula chake, akamfichia makosa. Mara ngapi kola iliungua na Mama Marinda akasema "nimeunguza mimi"? Nilihesabu nikachoka. Binti alikuwa na ulimi mtamu na kasoro moja, kuchelewa. Kila siku nusu saa nzima. Mzee mwenye dobi akiuliza, Mama Marinda anajibu, "Nimemtuma wanga." Basi Mzee alipozeeka miguu na kutafuta mtu wa kumwachia chumba cha pasi, akamchukua huyo huyo, kwa kuwa anajua kuandika vizuri na kuongea na wateja. Asante ya punda ni mateke, na haya yalipigwa mbele za watu.

Siku yenyewe ilikuwa ya gauni la harusi. Mama Marinda alikuwa anamalizia mkia wa gauni, joto likamshika, na tone moja la jasho likaanguka kwenye satini. Tone moja. Kulitoa ni kitambaa chenye maji safi na subira ya robo saa. Lakini Msimamizi aliingia wakati huohuo na bibi harusi mwenyewe.

"Wewe mama," akasema, "hapa tunanyoosha nguo, hatuzifui mara ya pili."

Akavuta taulo jeupe kwenye rundo la nguo za mahoteli, akaja nalo mpaka mezani, akamfunga Mama Marinda shingoni, fundo nyuma, kama anavyofungwa mtoto mchanga anayetokwa na udenda. Akampigapiga shavuni. "Haya sasa, umependeza." Bibi harusi akacheka kwa aibu. Wa meza ya tano na ya sita nao wakacheka, na hao sijawasahau mpaka leo.

Mama Marinda hakulifungua lile taulo. Alimaliza gauni nalo shingoni. Jioni alilivua, akaliweka kwenye mkoba wake, na kesho yake akakuta kazi yake imehamishiwa chumba cha nyuma, kuchambua nguo chafu. Meza ya kwanza akapewa yule wa meza ya tano.

Mimi damu ilinichemka nikataka kupaza sauti. Akaniambia, "Nyamaza, dada. Maneno ni mvuke."

Taulo lile alilifua kwake, akalitia wanga, akalipiga pasi mikunjo minne, akawa anatembea nalo kwenye mkoba kila siku. Aliponionyesha nilidhani ni huzuni. Sikuwa nimemjua bado.

Joto likamzidi huko nyuma. Akawa halali. Nikamwambia kuna tabibu wa sindano mtaa wa pili, mama mmoja aliyekwenda kusomea utabibu wa Kichina hukohuko Uchina miaka saba. Alikataa mara tatu kwa sababu ya sindano, mtu aliyeishi na pini maisha yake yote. Mara ya nne akakubali, kwa sharti kwamba nimshike mkono.

Chumba cha tabibu kilikuwa kidogo na safi, kitanda kimoja, na ukuta mzima wa visanduku vya mbao vyenye mizizi, magome na maganda makavu. Tabibu mwenyewe alikuwa mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliuliza maswali ambayo hospitali hawakuuliza. Joto linaanzia wapi, kifuani au miguuni? Nyayo zinawaka? Kiu ni ya maji mengi au ya kulowesha mdomo tu? Jasho linakuja ukiwa macho au umelala?

"Yote mawili."

"La usingizini sisi tuna jina lake, tunaliita jasho la mwizi. Linangoja umelala, linaingia, linabeba. Ukiamka, shuka limelowa na mwizi ameshaondoka."

"Mwizi wangu mimi anakuja mchana kweupe," Mama Marinda akasema, "na ana funguo za ofisi."

Tabibu akacheka, akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu, hauna utando, una ufa katikati kama udongo uliokosa mvua. Halafu akashika mapigo, vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono huu, vitatu kwenye kile, akafumba macho muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Hospitali wana vipimo vyao, usiviache," akasema. "Mimi nakwambia tunavyoona sisi. Moto wako haujazidi. Maji yako yamepungua. Kwa utabibu wetu figo si ya kuchuja mkojo tu, ndiyo ghala la maji yanayoupoza mwili. Mwanamke akifika umri wako ghala linashuka. Moto ni uleule wa siku zote, ila sasa hakuna wa kuutuliza, ndiyo maana unapanda kifuani na usoni na kukutoa jasho. Na kila jasho likitoka, maji yanapungua tena."

Mama Marinda akanigeukia. "Kama bwela."

"Bwela ndiyo nini?" tabibu akauliza.

Hapo akachangamka. Akamweleza kwa mikono yote miwili. Maji yakiwa machache ndani, huwezi kulaumu moto. Kuna kioo chembamba ubavuni kinachoonyesha maji yalipofika, lakini maji ya bomba yana chokaa, na chokaa hufanya ukoko, na ukoko huziba tundu la chini la kioo. Kikiziba kinadanganya: kinaonyesha nusu wakati ndani ni pakavu. Dawa yake ni kukitapisha. Kila asubuhi unafungua koki ndogo chini ya kioo, maji ya moto yanatoka kwa kishindo na uchafu wake, kisha unafunga, na maji yanapanda tena yakisema kweli.

"Na nani anakitapisha?"

"Mimi, miaka yote. Saa moja kamili asubuhi. Sasa anafanya huyu," akaninyooshea kidole.

"Na huyo mwenye funguo za ofisi?"

Nikaona jambo likimpitia Mama Marinda machoni. Msimamizi alikuwa akichelewa nusu saa kila siku tangu aajiriwe. Hakuwahi hata mara moja kuikuta ile kazi ikifanyika. Yeye alikuta kioo kisafi na sakafu imeshapigwa deki. Katika yote aliyofundishwa, hilo moja hakulijua, na hakujua kwamba halijui.

Tabibu aliendelea, maskini, hakujua ametupa nini. Alisema kuna jambo la pili. Mapigo ya upande wa kushoto yamekaza kama uzi wa cherehani, na hayo ni ya ini. "Hasira hukaa kwenye ini. Ikifungiwa humo inageuka moto, na huo moto unakausha hata maji nitakayokurudishia. Nani amekuudhi?"

Kuhusu ini hatukuhitaji kwenda kusoma ng'ambo. Nani kati yetu hajakatwa maini na maneno ya mtu? Mama Marinda alisimulia yote, gauni, tone, taulo, shavu kupigwapigwa. Akalitoa taulo lenyewe.

"Iache hiyo hasira, mama," tabibu akasema taratibu. "Dawa itafanya nusu. Nusu ni wewe."

"Niiache wapi, daktari? Kitu hakiachwi hewani."

Tabibu akamlaza kitandani. Akamchoma sindano, vifundo vya mikono na vifundo vya miguu, nyembamba hata hazionekani, na Mama Marinda akaniponda vidole vyangu bure. Tukatoka na mafurushi ya mizizi ya kuchemsha asubuhi na jioni, meusi na machungu, na mfuko wa ngano ile nyepesi inayoelea juu ukiitia majini, ambayo wao huitumia kuzuia jasho. Akakatazwa pilipili na kahawa, na akaambiwa alale mapema.

Tulipofika kona akasimama. "Dada, kesho usikitapishe kioo."

Nikamwuliza kama amepata wazimu. Watu wataungua.

"Hawaungui. Bwela lina fyuzi, koili, ule waya wa kuchemshia maji, ikipata moto kupita kiasi linajizima lenyewe. Itaungua koili tu, na heshima ya mtu." Akaniangalia. "Akutendaye mtende."

Nisingekubali kama kungekuwa na hatari kwa mtu, hilo naapa. Lakini nilikubali, na nilikubali haraka. Wapo watakaosema tungemsamehe. Wao waje wafungwe taulo shingoni mbele ya wageni, kisha tuongee vizuri.

Ukoko hauzibi kwa siku moja. Wiki ya kwanza kioo kilikuwa kinasema kweli. Ya pili kikaanza kusitasita. Mama Marinda alikunywa mizizi yake, alikwenda kwa tabibu kila Jumamosi, joto likapungua kutoka mara kumi kwa siku hadi mara nne, na hapo likagoma. Tabibu alishika mapigo akatikisa kichwa: "Bado umeishika." Naye alijibu, "Bado." Kila asubuhi alipita mlangoni mwa chumba cha pasi akiwa na kapu la nguo chafu, akatupa jicho moja kwenye kioo, akaenda zake kimya kama maji ya mtungini.

Wiki ya tatu yakaja majoho ya wahitimu wa chuo. Majoho meusi mia mbili, kila moja na marinda mgongoni, yanatakiwa kesho asubuhi. Mzee mwenye dobi alikuja mwenyewe na fimbo yake, akiongozana na mkuu wa chuo. Mia moja na kumi yalikuwa yameshanyooshwa. Saa nne kasoro pasi yangu ikakohoa, ikatoa matone mawili ya maji, ikapoa. Kisha ya meza ya kwanza. Kisha zote. Bwela likatoa mlio wa chuma kikavu, fyuzi ikaruka, na chumba kikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi.

"Maji yamekwisha," Mzee akasema.

"Haiwezekani, Mzee," Msimamizi akajibu kwa kujiamini. "Tazama kioo, kipo nusu."

Mzee akakitazama kioo, halafu akamtazama yeye. Alilianza dobi lile na bwela moja na mikono yake. "Kimetapishwa leo?"

"Nini kimetapishwa?"

"Kioo."

Msimamizi akatabasamu, akidhani mzee wa watu ameanza kupotewa. "Kioo gani kinatapika, Mzee?"

Hakuna aliyethubutu kucheka kwa sauti, lakini mabega yalitikisika meza zote. Mkuu wa chuo akaangalia saa yake. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka Msimamizi, kwanza juu ya mdomo, halafu kwenye paji. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende lenyewe tuliliona likiota palepale.

Tulikuwa na pasi kavu tatu za umeme kabatini. Lakini kitambaa kile cheusi ukikipiga pasi kavu kinang'aa kama kiatu. Lazima uweke kitambaa kibichi juu na ujue sekunde ya kunyanyua. Katika dobi zima aliyejua alikuwa mmoja, na alikuwa chumba cha nyuma akichambua soksi.

Mzee akamwita. Akaja akijifuta mikono.

"Mama Marinda, rudi kwenye meza yako utuokoe."

"Meza yangu niliondolewa kwa sababu ya jasho, Mzee. Jasho bado lipo. Nikimdondoshea mhitimu kwenye joho?"

Mzee hakujua habari hiyo. Alipoelezwa, na nilimweleza mimi tena kwa sauti, alimgeukia Msimamizi na kumkazia macho mpaka yule akainamisha kichwa. Kisha akauliza, "Unataka nini, mama?"

Akafungua mkoba. Akalitoa taulo, mikunjo minne, jeupe pe, na kulitandaza juu ya meza ya kwanza.

"Nataka wa kunifuta. Msimamizi asimame hapa kwangu na taulo lake. Nikitoka jasho afute. Nikimaliza joho la mwisho, yeye amemaliza."

"Mzee..." Msimamizi akaanza.

"Chukua taulo," Mzee akasema.

Akalichukua. Mama Marinda akalowesha kitambaa, akalipapasa joho la kwanza kwa vidole, akanyanyua pasi. Sisi wengine tulifanya mikono na pindo kwa pasi mbili zilizobaki, yeye akituhesabia sekunde. Saa nne mpaka saa kumi na moja jioni Msimamizi alisimama pale, taulo mkononi, kila mtu akipita anamwona, wateja wa mbele wakichungulia. Nilikuwa nangoja joto limshike Mama Marinda ili nione akifutwa, nilikuwa na hamu hiyo, sifichi. Halikuja. Joho la ishirini, joho la hamsini, paji lake kavu kama karatasi. Huenda ni kwa kuwa mvuke ulizimika na chumba kilipoa. Huenda ni mizizi. Mimi nina mawazo yangu. Aliyelowa alikuwa Msimamizi: jasho lilimshuka kidevuni mpaka kwenye blauzi, na hakuthubutu kujifuta kwa taulo aliloshika.

Joho la tisini lilipotundikwa, Mama Marinda akachomoa pasi, akalipokea taulo, akaligusa huku na huku. Lilikuwa kavu, na mikunjo yake bado ipo.

"Pole, mwanangu," akasema, na kwa miezi mingi hakuwa amemwita hivyo. "Umelowa."

Akamfunga taulo shingoni, fundo nyuma. Akampigapiga shavuni mara mbili, taratibu. Hakuna aliyecheka, na yule wa meza ya tano alikuwa ameshaanza kuhamisha vitu vyake bila kuambiwa.

Tangu siku ile Mzee aliamuru Msimamizi awahi saa moja kamili kukitapisha kioo mwenyewe na kupiga deki. Alivumilia mwezi mmoja, akaacha kazi. Mama Marinda alibaki chini ya dirisha lake miaka tisa mpaka akastaafu. Joto halikuisha kwa siku moja. Liliendelea kumtembelea mara mojamoja, kama ndugu wa mbali, kisha likapotea.

Jumamosi ile iliyofuata siku ya majoho nilimsindikiza kwa tabibu. Akatoa ulimi, akatoa mikono. Tabibu akashika mapigo ya kushoto, akafumba macho, akayafumbua kwa mshangao.

"Hasira haipo. Umeiacha?"

"Nimeiacha."

"Hongera sana, mama. Na ulisema huna pa kuiacha. Umeiacha wapi?"

Mama Marinda akajilaza kitandani, akaninyima mkono, akamnyooshea tabibu kifundo chake mwenyewe.

"Shingoni mwa mwenyewe," akasema. "Haya, choma."